Ng'ombe Sita wa Bi Mwanahawa

Nyie mnaosomea kuthamini mifugo mmeniandikia barua ndefu, na karibu yote ni habari ya meno, uzito na pembe. Nitawajibu ninavyoweza, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya tangu uhuru ukiwa mchanga mpaka nilipostaafu. Ila chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna aliyeuliza, "Mzee Bakari, kosa gani kubwa ulilowahi kulifanya kazini?" Swali hilo limeniweka mezani wiki nzima. Chai inaletwa, inapoa, inaondolewa.

Nianze na makosa mepesi, nipate nguvu.

Mie kwetu ni Newala. Enzi zetu, kule mbung'o hawakumwacha ng'ombe akakaa. Baba alikuja Dar kubeba mizigo bandarini, akatukuza Temeke, na ng'ombe nilimjua buchani tu, akiwa ananing'inia. Uhuru ulipokuja, wazungu wengi waliokuwa kwenye idara ya mifugo wakafunga virago, nafasi zikabaki wazi, wakatafutwa vijana waliomaliza darasa la nane wanaojua kuandika vizuri. Hati yangu ilikuwa nzuri. Basi nikawa mtu wa ng'ombe.

Mafunzo yenyewe hayakuwa na darasa. Palikuwa na mnada nje kidogo ya Temeke, boma la magogo, mzani uliokuwa ukikwama kila mvua ikinyesha, na Mzee Chihoma. Huyu alikuwa Mgogo mrefu, mkavu, aliyefanya kazi hiyo miaka mingi chini ya wakoloni. Katika makaratasi aliandikwa msaidizi, lakini wale wazungu aliodaiwa kuwasaidia ndio waliokuwa wakimuuliza. Alimtazama mnyama kwanza kwa mbali, akiwa amefunga mikono nyuma, na hakutaka mtu amsemeshe wakati huo.

Siku yangu ya tatu alinituma kukagua dume moja na kuandika hali yake. Nilimfungua mdomo kama nilivyoonyeshwa. Chini meno yapo, mazuri kabisa. Juu, mbele, hamna hata moja! Nikaandika kwa hati yangu nzuri: "Mnyama huyu ameng'olewa meno yote ya juu, inashukiwa amepigwa." Mzee Chihoma alisoma, akasoma tena, kisha akasimama juu ya gogo na kuwasomea wachunga na madalali wote. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hakuna ng'ombe duniani mwenye meno ya mbele ya juu. Kwa miezi mingi nilipopita mnadani watu walijishika mdomo wa juu na kuniuliza, "Daktari, na mie nimepigwa?"

Basi nilisoma meno kwa hasira. Meno mawili makubwa ya kudumu, ni mtamba wa miaka miwili na kitu. Manne, sita, halafu mdomo ukijaa yote manane, amekomaa. Baada ya hapo hesabu inakwisha, unatazama yalivyosagika. Kwa jike tazama na pembe, kila uzazi huacha pete. Dalali mmoja aliniuzia maneno siku nzima juu ya jike "mwenye uzazi mmoja", nikamwandikia vizuri. Mzee Chihoma akaja, akapitisha ukucha juu ya pembe, akanusa kidole. "Amepigwa tupa huyu," akasema. "Pembe mbichi inanuka." Na mnyama mwenye tumbo kubwa kuliko mbavu zake, muulizeni mwenyewe kama hakumlambisha chumvi asubuhi kisha akamnywesha maji. Tazameni kishimo cha ubavu wa kushoto. Maji hukijaza kwa saa chache tu. Mbavu hazijui kudanganya.

Farasi nilimthamini mmoja tu maishani. Alikuwa wa mzungu wa upande wa Kinondoni aliyekuwa akirudi kwao, na barua ikaletwa kwamba mnyama akadiriwe auzwe. Mzee Chihoma alinichukua. Farasi alikuwa wa rangi ya kahawia, safi, ngozi inang'aa, akatupelekea pua yake kama anatujua. Nilimfungua mdomo.

"Huyu anayo ya juu, mzee."

"Basi leo usije ukaandika kwamba amepandikizwa."

Tulicheka wote wawili, na yule mzungu akacheka bila kujua tunacheka nini. Kisha Mzee Chihoma akamzunguka farasi, akamwinua miguu mmoja mmoja, akamsikiliza pumzi. Alipomaliza akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mnyama ni mzima kabisa na hana thamani yoyote. Nani wa kumnunua? Halimi, hakamwi, halali kwenye banda la mtu wa kawaida, na mbung'o wakimpata haponi. Waliokuwa wakimpanda walikuwa wanaondoka. Juma hilohilo alipigwa risasi, na mwenyewe akapanda meli.

Jambo nililojifunza siku ile lilikuwa kwenye fomu. Chini ya fomu zetu palikuwa na mistari minne ya maelezo. Wengi tuliiacha wazi. Mzee Chihoma aliijaza yote kwa farasi yule, akaandika habari ya kwato zake, pumzi zake, upole wake. Nikamuuliza kwa nini ajisumbue kwa mnyama anayekwenda kufa. Akasema, "Bei wanaisoma wakubwa. Hapa chini anasoma yule atakayebaki na mnyama. Wewe huyu mtu humjui, lakini ndiye unayemfanyia kazi."

Sasa niwaambie la Kigamboni.

Zilikuwa siku za kuanzishwa vijiji vya ujamaa. Ng'ambo, mbali kidogo na kivuko, watu waliokuwa wametawanyika walikusanywa kwenye kijiji kimoja kipya, na kamati ya pale ikaamua mifugo yote iwekwe boma moja, iwe ya wote. Kila mnyama alitakiwa athaminiwe kwanza, ili fungu la mwenyewe lijulikane. Kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Chihoma, lakini alikuwa kitandani na malaria, macho yamekuwa manjano. Nikapelekwa mie. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda peke yangu. Nilikuwa nimeoa, nina mtoto mmoja, na nilikuwa naisubiri nafasi ya kwenda bara kusoma miezi sita nirudi na cheti. Niliambiwa wazi kwamba mwenyekiti wa kamati ile angeandika barua kuhusu mwenendo wangu, na barua hiyo ndiyo ingeamua.

Mifugo mingi ilikuwa ya kawaida, ng'ombe wafupi wenye nundu, wamezoea shida. Kisha akaja Bi Mwanahawa na majike sita ya maziwa, chotara, weupe wenye mabaka meusi. Alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa palepale pwani, amejifunga kanga mbili. Marehemu mumewe alifanya kazi kwenye shamba la maziwa la mgeni mmoja, na mgeni alipoondoka alimwachia ndama wawili kama kiinua mgongo. Kutoka kwa wale wawili Bi Mwanahawa alikuza sita. Maziwa yao yalivuka na kivuko kila asubuhi kwenda mjini, na ndiyo yaliyokuwa yakimsomesha binti yake, Zuhura, aliyekuwa bweni kidato cha pili.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wapime kwa upole. Hawajazoea watu wengi."

Sikuwa nimewahi kuona ng'ombe waliotunzwa vile. Nilipitisha mkono masikioni, chini ya mkia, kwenye kiwele, sikupata kupe hata mmoja. Nilikuwa nimeinama, ukanda wa kupimia kifua upo chini ya jike la tatu, ndipo Bi Mwanahawa akaja karibu. Wanakamati walikuwa wamekaa mezani hatua kama kumi kutoka pale, kwa hiyo alisema taratibu.

"Mwanangu, hawa hawajui kupe. Tangu wazaliwe nawafuta dawa kwa kitambaa kila Ijumaa. Wakichanganywa na wale wengine kabla ya kutengenezwa josho la kuwaogeshea dawa, watakufa. Naomba uandike hivyo. Mie sikatai ujamaa. Waambie wawatenge tu mpaka josho liwe tayari."

Alikuwa sahihi kwa kila neno. Ng'ombe wa kienyeji waliokua na kupe, wengi wao ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, imeshawapitia utotoni, waliobaki ni waliopona. Ng'ombe aliyelelewa bila kupe hana kinga yoyote. Hata nyie mwaka wa kwanza mmeshasoma. Na josho la kijiji kile lilikuwa shimo tu, halina dawa, halina hata saruji.

Nilivuta ukanda, nikasoma namba, nikaiandika. Yeye akasubiri kidogo, kisha akaenda kumshika jike la nne.

Nilipofika mezani nikaanza kujaza fomu zake. Mkono wangu ulikuwa umeshashuka kwenye mistari ile minne. Nilikuwa nimeandika neno moja tu, "Wasichanganywe," mwenyekiti akaegemea kutazama.

"Ndugu Bakari, unaandika nini tena huko chini?"

"Maelezo, ndugu mwenyekiti. Habari ya josho."

"Wengine wote hukuwaandikia."

"Hawa ni tofauti kidogo."

"Tofauti vipi? Kwa sababu ni wazuri?" Hakuwa mkali. Alikuwa na tabasamu. "Ndugu yangu, mie nimetumwa idadi na thamani. Karatasi hii ikifika juu na hadithi kwamba ng'ombe wa mtu fulani wasiguswe, itasomwaje? Watasema mwenyekiti anabagua, na mthamini naye anapinga. Una safari ya masomo, sivyo? Chukua fomu nyingine, uandike safi."

Nikachukua fomu nyingine. Nikaandika safi.

Nyie vijana msinitetee. Najua mtasema zama zenyewe zilikuwa hivyo. Kulikuwa na watu zama hizohizo waliosema, na wengi wao hawakufanywa lolote. Yule mwenyekiti hakunitisha hata kidogo. Aliniomba tu, na mie nilikuwa nataka kuombwa. Nilivuka na kivuko siku hiyo nikijiambia kwamba pengine josho litakamilika mapema.

Wiki ya tatu taarifa ikaja kwamba ng'ombe wanakufa. Mzee Chihoma alikuwa ameshapata nafuu, ingawa alikuwa akitembea kwa fimbo. Tulivuka pamoja.

Watano walikuwa wameshakufa. Wa sita alikuwa amelala nje ya boma kwenye kivuli cha mkorosho, na Bi Mwanahawa amekaa chini kando yake, anampangusa pua kwa upindo wa kanga. Povu lilikuwa likitoka, anapangusa, linatoka tena. Yule jike alikuwa akivuta pumzi kwa mwili mzima, shingo imenyooshwa mbele, macho yamefunga ukungu. Wale wafupi wenye nundu walikuwa ndani ya boma wanacheua kama hakuna lililotokea.

Mzee Chihoma alipiga goti kwa shida. Akaushika mkono wangu, akauweka chini ya sikio la mnyama. Tezi ilikuwa imevimba ukubwa wa ndimu, ngumu, ya moto.

"Hii ndiyo ndigana," akasema. "Ishike vizuri. Nilisema nitakufundisha siku tutakayoipata."

Jike lilikufa sie tukiwa palepale. Mzee Chihoma alilipasua kifua na kunionyesha mapafu yaliyojaa povu hadi kwenye koo, akanieleza kila kitu kwa utaratibu, kama siku yoyote ya mafunzo. Alipomaliza alinawa mikono, akaitoa ile fomu mfukoni. Alikuwa ameitafuta ofisini kabla hatujaondoka.

"Chini mbona tupu?"

Nikaipokea, nikaigeuza.

"Ng'ombe wa aina hii, hawana kupe, wanakwenda kwenye boma lisilo na josho. Hukuona?"

"Niliona hawana kupe, mzee. Habari ya dawa ya kila wiki sikuijua."

"Huyu mama hakukuambia?"

Bi Mwanahawa alikuwa amesimama hapohapo. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kulia. Nikasema, "Sikusikia, mzee."

Mzee Chihoma akamgeukia. "Mama, ulimwambia?"

Bi Mwanahawa alinitazama. Nilitegemea aniite mwongo mbele ya watu, na nafikiri kama angeniita ningekiri. Badala yake alionekana kama mtu anayekumbuka kitu, anatafuta alikosea wapi. "Nilimwambia," akasema, "lakini pengine nilisema taratibu mno. Wakubwa walikuwa karibu. Naye alikuwa ameinama."

Mambo yakaishia hapo. Hata alama ya kalamu nyekundu sikupata.

Mzee Chihoma hakuishia hapo. Alikwenda kwa kamati, kisha kwa wakubwa wa kamati, akisema josho lijengwe na mama yule afidiwe. Alisema mara nyingi, na kwa sauti. Josho lilijengwa, ng'ombe wengine wakapona. Fidia haikuja, ila yeye aliletewa barua ya uhamisho kwenda kituo cha mbali kusini, kwenye joto na mbung'o, ambako hapakuwa na ng'ombe wa kuthaminiwa. Nilimsindikiza stendi. Alinipa ukanda wake wa kupimia, akaniambia niende nikasome kwa bidii. Mwaka uliofuata nilisikia amefariki. Mie nilikuwa bara, nimepata cheti, na katika mtihani wa ndigana nilipata alama za juu kuliko wote, maana niliwahi kuigusa.

Kuanzia hapo sikuacha tena mistari ile wazi. Anachokisema mwenye mnyama nakiandika mbele yake, namsomea, namuuliza kama ndivyo alivyosema. Fanyeni hivyo. Itawachelewesha na mtachukiwa kidogo. Wenzangu waliniita mwandishi wa riwaya. Niliwafundisha wengi baadaye, na wote niliwaambia Mzee Chihoma alinifundisha hivyo. Sikumwambia yeyote lililonifanya nishike somo lake.

Kigamboni sikurudi. Nilipangiwa mara mbili, nikatoa udhuru. Nilipostaafu niliendelea kutoa udhuru, ingawa hakuna aliyenipangia. Nilikwenda nikiwa mzee kabisa, nimeshafiwa na mke wangu, tena nikapita kwenye daraja, kwa gari la mjukuu, dakika chache tu. Nilimwambia mjukuu aniache barabarani. Nikauliza kwa Bi Mwanahawa, wakanionyesha nyumba.

Alikuwa hai. Mdogo, amekunjamana, yuko kwenye mkeka barazani, lakini macho yanaona. Nilijitambulisha. Alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Yule kijana mthamini! Mungu mkubwa. Nimekuwaza miaka yote."

"Umeniwaza mie, mama?"

"Nilikutia matatani na mzee wako. Ningesema kwa nguvu siku ile, yasingetokea. Niliogopa wale waliokaa mezani, nikanong'ona kama mwizi. Zuhura alipotoka shule, ada imekosekana, aliniuliza, 'Mama, hukuwaambia?' Nikamwambia nilisema, ila sauti yangu haikufika. Hajanisamehe kabisa yule. Hasemi, lakini mie mama yake, najua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kufukuzwa. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

"Bi Mwanahawa," nikasema, "nilisikia."

Akawa ananitazama, bado amenishika mkono.

"Nilisikia kila neno. Kitambaa, Ijumaa, josho, wawatenge. Nilianza kuandika nikaambiwa niache, nikaacha. Kisha nikamdanganya Mzee Chihoma mbele yako."

Kuku walipita barazani, mtu akapita barabarani akatoa salamu, Bi Mwanahawa hakuijibu. Mwisho akaviachia vidole vyangu, kimoja kimoja, akaiweka mikono yake mapajani.

"Zuhura yuko jikoni," akasema. "Kasimame mlangoni umwambie na yeye. Useme kwa sauti."

Nikaenda. Mwanamke mwenye mvi alikuwa amekaa juu ya kigoda anachambua mchele kwenye ungo. Nikamwambia yote, kwa sauti niliyokuwa nayo, mpaka mwisho. Hakuinua uso. Aliendelea kutoa mawe, moja baada ya jingine, na yalipokwisha akaanza kuchambua upya mchele uleule.